NAFAKA NI RIZIKI NJEMA, ISIGEUZWE KUWA ULEVI

Hotuba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyeipasua punje kavu ikatoa mche, akauteremshia mche huo mvua, akaufanya uwe chakula cha waja wake. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, na tunamtaka maghufira kwa makosa yetu ya siri na ya dhahiri. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu mliohudhuria misikitini, na ninyi mnaotusikiliza majumbani, twaziusia nafsi zetu kwanza, kisha twawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika kinachoingia matumboni mwetu na katika fedha inayoingia mikononi mwetu. Kwani mambo haya mawili hayatengani: kilicho haramu kukinywa, bei yake nayo ni haramu kuila.

Leo twapenda kusema juu ya nafaka. Katika Sura Yasin, aya ya 33, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuitazama ardhi iliyokufa namna anavyoihuisha, akatoa ndani yake punje ambazo watu huzila. Sisi tunaokaa pembezoni mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Magu hadi Sengerema, na ng'ambo katika visiwa vya Ukerewe na Ukara, ishara hiyo twaiona kila msimu. Wazee wetu walilima mtama na ulezi kabla mahindi hayajaenea. Ulezi ni zao la asili la Afrika ya Mashariki yetu hii, na waliolianzisha ni wakulima wa nyanda za juu za Uhabeshi na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Ni punje ndogo mno, lakini katika gramu 100 za ulezi mna zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, na kiasi hicho kinazidi kile kilichomo katika maziwa ya uzito huo huo. Mtama nao huvumilia jua ambalo mahindi hayalivumilii. Mwaka wa ukame, mwenye mtama ghalani hulala usingizi, na mwenye mahindi matupu hukesha.

Hiyo ndiyo neema. Sasa tuitazame njia ya pili ambayo neema hiyo huipitia.

Ndugu zetu, katika mialo mingi ya ziwa hili, na katika vichochoro vya miji yetu, punje hizo hizo hulowekwa, huoteshwa zikawa kimea, huchanganywa na unga wa mahindi au muhogo, huongezwa sukari au molasi, zikaachwa siku kadhaa katika pipa mpaka zichachuke. Upande wa Kagera hutumika ndizi. Kisha pipa hutiwa moto, mvuke wake hupitishwa katika bomba lililozamishwa katika maji baridi, na kinachodondoka mwisho wa bomba ni gongo. Kenya hukiita chang'aa, Uganda hukiita waragi. Majina matatu, ziwa moja, na kinywaji ni kile kile. Wapikaji hupenda kukaa karibu na maji kwa sababu bomba haliwezi kupoa bila ya maji mengi. Basi ziwa ambalo Mwenyezi Mungu ametupa tunawe udhu, tunywe na tuvue samaki, limefanywa mtumishi wa mtambo wa gongo.

Hili si jambo la jana. Serikali ya Tanzania ilitunga sheria juu ya upikaji wa pombe ya moshi mwaka 1966. Uganda ilitunga ya kwake mwaka 1965, ikataka wapikaji wawe na leseni. Kenya iliendelea kuipiga marufuku chang'aa kwa miaka mingi, kisha kwa sheria ya mwaka 2010 ikaruhusu itengenezwe na kuuzwa kwa masharti. Kwa hiyo sheria za nchi zetu zimepita njia mbalimbali. Lakini hukumu ya Mwenyezi Mungu haina mpaka wa Sirari wala wa Mutukula.

Na hapa yatupasa tuwe wakweli. Haitufai kusimama juu ya mimbari tukasema kwamba jambo hili ni la watu wengine. Wanahistoria wameandika kwamba ujuzi wa kupika pombe ya moshi katika Kenya na Uganda ulipitia pia katika kambi za askari waliotoka Sudani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Hatulitaji hili ili kumvunjia mtu heshima, bali tujue kwamba jina la Kiislamu peke yake si ngao. Anayekingwa ni yule anayejikinga.

Ndugu zetu Waislamu, wapo wanaotoa udhuru wa namna tatu, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, nyudhuru zote tatu zilikwisha kujibiwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Udhuru wa kwanza ni huu: kilichokatazwa katika Qur'ani ni mvinyo wa zabibu wa Waarabu, ama hiki chetu ni cha mtama, ni cha mila. Sikilizeni. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), kwamba alikuja mtu kutoka Yemen akamwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kinywaji walichokinywa katika nchi yao, kilichotengenezwa kwa dhura, nao ndio mtama, kikiitwa mizri. Mtume hakumwuliza kuhusu mila ya Yemen, wala bei yake, wala mtungi wake. Alimwuliza jambo moja tu: je, kinalevya? Mtu yule alipokubali, Mtume akabainisha kwamba kila kilevi ni haramu. Angalieni, ndugu zetu! Mtama wetu umetajwa katika suala hilo waziwazi. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipohutubia juu ya mimbari ya Mtume alieleza kwamba ulevi ulioharamishwa hutokana na zabibu, tende, asali, ngano na shayiri, kisha akaweka kanuni inayofunga mlango wote, kwamba ulevi ni kile kinachoifunika akili.

Udhuru wa pili ni wa baridi na kazi nzito. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, usio na mbalamwezi, wakawasha taa juu ya maji na kuvuta nyavu hadi alfajiri. Upepo wa ziwa ni mkali na nguo zimelowa. Husema: bila ya kikombe kimoja, mwili hauwezi kazi. Nayo haya yalikwisha kusemwa. Katika mkusanyo wa Abu Daud imepokewa kwamba Dailami Al-Himyari alimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba wao wakaa katika nchi ya baridi, wafanya kazi za mashaka, na hutengeneza kinywaji cha ngano ili wapate nguvu ya kazi na kuihimili baridi. Mtume akauliza swali lile lile: je, kinalevya? Alipoambiwa ndiyo, akawaamuru waepukane nacho. Na Dailami alipotaja kwamba watu hawatakiacha, hukumu haikubadilika. Tena elimu ya tiba inashuhudia kwamba kileo hakiongezi joto la mwili. Huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, mtu akaona vuguvugu, huku joto la ndani linatoka nje. Mlevi ndani ya mtumbwi hupoteza joto na akili pamoja, na ziwa halimsamehe mtu wa hali hiyo.

Udhuru wa tatu ndio wa zama hizi, nao umevaa nguo nzuri zaidi. Katika Ulaya na Marekani viko viwanda vidogo vya pombe kali vinavyotafuta mbegu za kale zilizokaribia kusahauliwa, vikapika mapipa machache kwa wakati mmoja, vikatia katika chupa za kupendeza, na kuisifu kazi hiyo kuwa ni sanaa na hifadhi ya urithi. Sauti kama hizo zimekwisha kufika kwetu. Wapo vijana wasomi wanaosema: kwa nini tusiufanye mtama wetu na ulezi wetu vivyo hivyo, kwa usafi na leseni, mkulima apate soko na mbegu ya babu isipotee?

Hatumdharau mwenye kusema haya, kwani ndani ya maneno yake mna jambo la haki. Mbegu za wazee yafaa zihifadhiwe, na mkulima yafaa apate soko. Lakini Mtume (S.A.W.) alikwisha kutuonya kwamba watakuja watu katika umma wake watakaokunywa ulevi wakiuita kwa jina lisilokuwa lake. Ukiuita gongo, ukauita waragi, ukauita urithi wa mababu, ukautia katika dumu la plastiki au katika chupa yenye nembo ya dhahabu, swali linabaki lile lile: je, kinalevya? Leseni hubadilisha kodi na usafi wa chombo. Haibadilishi halali na haramu.

Ama usafi wenyewe, na tuuseme kwa elimu, maana twawahutubia pia wanafunzi. Sumu inayoua watu kwa wingi katika pombe hizi huitwa methanoli. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za sentigredi, na kileo cha kawaida huchemka kwenye nyuzi 78. Pombe ya nafaka huwa na methanoli kidogo. Misiba mikubwa hutokea pale muuzaji mwenye tamaa anapoongeza methanoli ya viwandani ili kinywaji kiwe kikali na cha bei rahisi. Ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho, mtu akapofuka, kisha akafa. Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mwezi wa Aprili 2010, katika Wilaya ya Kabale nchini Uganda, walikufa watu wapatao 80. Mwezi wa Mei 2014 yakatokea tena Kenya, katika Embu na Kiambu na sehemu nyingine, wakafa zaidi ya 60.

Lakini jihadharini, ndugu zetu, na hoja iliyojificha hapo. Atasema mtu: basi ile isiyo na methanoli ni salama. La. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kinywaji chenye kileo, hata kilicho safi, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Na hata kama isingekuwa hivyo, Sura ya Maida, aya ya 90 na ya 91, haikutaja ugonjwa. Ilitaja uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Ni nani katika sisi asiyeijua nyumba ambamo uadui huo umeingia kwa mlango wa chupa? Mtoto anayemsikiliza baba yake akirudi usiku, akipima kwa mlio wa viatu kama leo kuna kipigo au hakuna, hahitaji kufundishwa tafsiri ya aya hiyo.

Ndugu zetu Waislamu, mpaka hapa hatukusema jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Basi tusogee mahali pagumu zaidi.

Katika mwalo mmoja wa ziwa letu tulikwenda, sisi na baadhi ya wazee wa msikiti, kumnasihi mama mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akipika gongo. Mumewe alikufa maji akiwa katika kazi ya dagaa, akamwachia watoto wanne. Alitukaribisha kwa adabu, akatutandikia mkeka, akatusikiliza mpaka tukamaliza aya zetu na hadithi zetu. Kisha akasema:

"Masheikh wangu, yote mliyoyasema ni kweli, wala sina la kuwajibu. Marehemu mume wangu hakuwa mlevi. Lakini naomba niulize. Pipa hili nimelikodi. Chumba hiki nakilipia kodi. Sukari na molasi nakopa dukani, na mwenye duka anajua nazifanyia nini, kwa maana ndiye anayenihesabia madumu. Mtumbwi unaovusha gongo kwenda visiwani una mwenyewe. Wote hao huwaona msikitini siku ya Ijumaa, na wengine safu ya kwanza. Mbona mkeka wangu ndio mmeukuta peke yake?"

Tulinyamaza. Na mwenye duka alikuwa miongoni mwetu, amekaa juu ya mkeka ule ule, akainamisha kichwa.

Ndugu zetu, mama yule hakusoma vitabu vingi, lakini aliyoyasema yamo ndani ya hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (R.A.), iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi katika jambo la ulevi: mwenye kuukamua, mwenye kutaka akamuliwe, mnywaji, mchukuzi, mwenye kuchukuliwa, mwenye kuwanywesha wengine, muuzaji, mla bei yake, mnunuzi, na mwenye kununuliwa. Hesabuni. Mnywaji ni mmoja tu katika kumi! Nasi katika mazungumzo yetu, na pengine katika hotuba zetu, humlaumu huyo mmoja, tukamwongezea na mjane mpikaji, kisha wanane waliobaki tukawapisha safu ya kwanza.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, wameeleza kwamba kumuuzia zabibu au tende mtu unayejua kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu kwamba atazifanya ulevi ni haramu, na ukiwa na shaka tu ni karaha. Na mfano wa zabibu ndio mfano wa sukari, na molasi, na gunia la mahindi, na pipa la kukodisha. Mfanyabiashara hawezi kusema: mimi nauza sukari, lililobaki ni lake. Kama anayajua madumu, basi amekwisha kujua.

Twasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi na Waislamu wote. Mtakeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Hotuba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu kwa ihsani yake, na shukrani ni zake kwa taufiki yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ndugu zetu Waislamu, ukisha kumwambia mtu kwamba njia hii inakwenda motoni, wajibu wako haujaisha mpaka umwonyeshe njia nyingine. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba ulevi una manufaa kwa watu; ilisema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Manufaa hayo ndiyo sare ya mtoto, na daftari, na kilo ya unga. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali za msingi na za sekondari za kawaida, lakini mtoto haendi shule uchi, wala haendi na njaa.

Na masahaba walipoamriwa kuacha walipata hasara ya kweli. Anas alikuwa akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha ilipofika habari ya katazo, naye akaamriwa akamwage, pombe ikatiririka katika njia za Madina. Abu Talha huyo huyo akauliza juu ya mayatima waliorithi ulevi, naye akaamriwa aumwage. Mali ya yatima, ndugu zetu, ambayo Qur'ani imeilinda kwa vitisho vikali, ilimwagwa. Lakini ni umma ule ule ulioimwaga mali hiyo ya haramu ndio uliofaradhishiwa zaka, na ndio ulioamriwa kumlea yatima. Sisi twataka kuchukua nusu ya kwanza ya sheria na kuiacha ya pili: mjane amwage, kisha alale njaa!

Katika Sura ya Nahli, aya ya 67, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba kutokana na matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kilevi, na hupata riziki njema. Aya hii iliteremka Makka, kabla ya katazo, lakini wafasiri wameona ndani yake dalili ya mapema: riziki njema imetajwa mbali na kilevi. Tunda ni moja na njia ni mbili. Nasi Waswahili twasema, mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali.

Sasa tazameni kimea. Mama anayepika gongo ni fundi wa kimea: anajua ulezi uloweke usiku mmoja, uoteshwe siku ngapi, uanikwe vipi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe hapa Tanzania waliandika juu ya kimea hicho hicho kwa jambo lingine kabisa. Uji wa mtoto ukiwa mzito mtoto hawezi kuumeza. Ukiongezwa maji huwa mwepesi, lakini hubaki tumbo limejaa maji na nguvu hamna. Ukitia kijiko kidogo cha unga wa kimea katika uji mzito uliopoa kidogo, unalainika papo hapo, na mtoto anaweza kula chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile. Ufundi ni ule ule. Mwisho wake mmoja ni mlevi aliyelala mtaroni, na mwisho wake mwingine ni mtoto aliyeshiba. Na nani kati yetu asiyetaka unga wa uji safi kwa futari ya Ramadhani?

Na kwa kuwa wengi hutuuliza juu ya togwa, jibu ni hili: togwa bichi ya kimea isiyolevya ni halali, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akilowekewa tende katika maji akanywa, wala haikuachwa ikapita siku tatu. Lakini ikikaa ikachachuka mpaka ikalevya, kwa wingi wake au kwa uchache wake ni haramu. Mwenye nyumba na aiangalie togwa yake, wala asiifanye kuwa kivuli cha pombe.

Mtauliza, ndugu zetu, yule mama alikuwaje? Mwenye duka alimfutia deni la molasi kabla hatujainuka mkekani, na machozi yalikuwa machoni pake. Msikiti ukatoa katika zaka magunia mawili ya ulezi na gharama ya kusaga. Leo anauza unga wa uji. Hatutawadanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Kipato chake ni kidogo kuliko cha kwanza. Mwezi wa pili, mtoto alipougua, alirudia pipa kwa wiki moja, na baadhi ya watu wakasema: tuliwaambia, huyo habadiliki. Tukawajibu kwamba aliyeteleza ni mmoja, lakini waliokuwa wamelala ni msikiti mzima, kwani hakuna aliyekwenda kumjulia hali mtoto. Tukaenda, akaliacha tena pipa, na mpaka siku tulipoandaa hotuba hii hakulirudia. Tunamwombea Mwenyezi Mungu amthibitishe, na atuthibitishe sisi tusimsahau.

Basi twawausia mambo manne. Mwenye duka asiwakopeshe wapikaji sukari wala molasi, na faida aliyokuwa akiipata aihesabu kuwa sadaka ya kuisalimisha nafsi yake. Mwenye nyumba, na mwenye mtumbwi, na mwenye gari, ajue kilicho ndani ya mali yake kabla ya kupokea kodi au nauli. Kamati za zaka zikumbuke kwamba katika Sura ya Tauba, aya ya 60, wametajwa mafakiri, na maskini, na wenye madeni. Na mpikaji aliyetubu huenda ana sifa zote tatu kwa pamoja. Na mkulima asiiache mbegu ya mtama na ulezi. Wale wanaosema mbegu za kale zisipotee wanasema kweli, lakini zihifadhiwe kwa kuliwa. Iko hifadhi ya taifa ya mbegu kule Arusha, iko taasisi ya utafiti wa kilimo hapa Ukiriguru, na ziko mbegu za mtama zinazokivumilia kiduha. Familia inayokula ugali wa mtama mara mbili kwa wiki imehifadhi mbegu kuliko kiwanda chochote cha pombe.

Nanyi vijana na wanafunzi, tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za vipakiti vya plastiki, vile vilivyoitwa viroba, kwa kuwa viliingia hata katika mifuko ya watoto wa shule. Kiroba kimeondoka, lakini mwenye kukuuzia hakuondoka. Mlinzi wa mwisho wa akili yako ni wewe mwenyewe.

Na wewe uliyezama katika jambo hili, mnywaji au mpikaji, unayetusikiliza kwa redio huku moto unawaka chini ya pipa, usikate tamaa. Mlango wa toba uko wazi. Uzime moto leo, kisha njoo msikitini. Ukifika, usipotukuta tumekupisha nafasi, kosa litakuwa letu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako. Zibariki mvua zetu na mashamba yetu, na uwalinde wavuvi wetu juu ya maji usiku. Wape wajane na mayatima wetu riziki njema, na usitufanye sisi kuwa sababu ya wao kuangamia. Zisafishe biashara zetu, uzithibitishe toba zetu, na uwarehemu wazazi wetu na maiti zetu waliolala ardhini na waliolala ziwani. Ewe Mola wetu, ipe nchi yetu amani, na uwaongoze viongozi wake katika uadilifu. Amin.

Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Simameni mswali, Mwenyezi Mungu awarehemu.